Nimefundisha tegu wa nguruwe kijijini, kila mtu kaondoka na lake. Nakosea wapi?

MgeniMbozi:

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Mimi ni afisa mifugo nipo kata moja huku Mbozi, uandishi sio fani yangu kwahiyo mtanivumilia naandika kama ninavyoongea.

Iko hivi. Huku nguruwe ni wengi, kaya nyingi zina wawili watatu, wengine wakishavuna mahindi wanawaachia wazurure wenyewe mpaka msimu ujao. Na tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni, yupo, hilo halina ubishi, watafiti wameshapita sana Mbozi na Mbeya Vijijini wakamkuta. Nikaambiwa nitoe elimu. Nikajipanga nikachora mzunguko wote kwenye manila: mtu anakula nyama haijaiva yenye vile vifuko vyeupe, kifuko kinakuwa tegu kwenye utumbo, tegu anafika mita 2 mpaka 7, anaangusha pingili, yaani vipande vya mwili wake, zinatoka na kinyesi, pingili moja inaweza kuwa na mayai 50,000, nguruwe anakula kile kinyesi, mayai yanageuka vifuko kwenye nyama yake. Na binadamu akimeza yale mayai, vifuko vinaota ndani yake yeye, vikikaa kwenye ubongo ndo anapata kifafa. Nikaona hapo nimemaliza kazi.

Mkutano wa kijiji: nimeongea dakika arobaini, mzee mmoja akasimama akasema "kwahiyo mtaalamu kwa kifupi, nguruwe analeta kifafa." Watu wakapiga makofi. Kwa kifupi!! Wiki hiyohiyo walanguzi wakashusha bei ya nguruwe na mwenye bucha akanifuata ofisini hata salamu hakunipa.

Ndugu zetu Waislamu na Wasabato wao waliondoka mapema wana furaha, "hayo ya wala mdudu, sisi hayatuhusu". Wameondoka kabla sijafika kwenye kunawa mikono.

Shule ya msingi nikauliza mayai ya tegu yanapatikana wapi, mtoto wa darasa la nne akanyoosha mkono kwa kujiamini: "kwenye kiota". Nikacheka. Nikaacha kucheka siku mama mmoja aliponiambia ameacha kumpa mtoto mayai ya kuku.

Kamati ya maendeleo ya kata ndo usiseme. Diwani akataka namba. Za kata sina, nikatoa za Shirika la Afya Duniani, kwamba kwenye maeneo yenye tegu karibu asilimia 30 ya kifafa chote inahusiana na huyu mdudu, na sehemu zilizoathirika sana inaweza kufika 70. Muhtasari ulivyotoka umeandikwa "asilimia 30 ya wananchi wa kata wana kifafa". Nimeupeleka kusahihishwa mara mbili, mpaka leo upo vilevile.

Sasa swali langu, nyie wenye uzoefu wa kutoa elimu ya magonjwa ya kuambukiza, mnaelezaje kitu chenye kona nyingi namna hii? Nikieleza yote watu wanasinzia. Nikikata nakuwa muongo. Au kila kundi niliambie la kwake? Afu wakikutana kilabuni jioni wakilinganisha itakuwaje?

BodaMlowo:

Mkuu dakika arobaini?? Hata mchungaji wetu hafiki huko na anapitisha kapu.

FundiMdudu:

Mimi nakaanga kitimoto Mwanjelwa mwaka wa kumi na moja huu, na nyie wataalamu ndo mnatuua njaa. Mkishasema nguruwe kifafa mnapanda pikipiki mnaondoka, sisi tunabaki na karai la mafuta limepoa na wateja hawapo. Nyama yangu ina muhuri wa mkaguzi, naichemsha kwanza mpaka iive kabisa ndo inaingia kwenye mafuta, vipande vidogo, mteja akikata ndani haoni wekundu hata wa dawa. Halafu mtu anakuja anasema nauza kifafa.

Swali langu kwako afisa na unijibu bila kuzunguka. Mteja akila nyama kwangu imeiva anapata kifafa au hapati? Mana ulichoandika pale juu kama nimekielewa vizuri, hata ile mbichi yenyewe haimpi kifafa, inampa mnyoo. Kifafa kinatoka kwenye mayai na mayai yapo chooni. Sasa bucha limeingiaje hapo?

Na la pili nikupe bure. Mfugaji anajua nguruwe wake kama anazo, anamlaza chini anatanua mdomo anavuta ulimi anapapasa kwa kidole, akikuta vile vipunje kama mchele hampeleki kwa mkaguzi, mana mkaguzi atamtupa wote na hakuna wa kumfidia. Anamuuza usiku kwa bei ya kutupa, anachinjwa huko huko mtaani. Ukimwogopesha zaidi ndo anaficha zaidi.

NesiMstaafu_IR:

Kamweneni. Wanangu mimi nimefanya kazi ya unesi miaka thelathini na kitu, Iringa na baadaye Njombe, elimu ya UKIMWI tuliianza wakati watu hata kulitaja hilo jina hawataki, kwahiyo haya ya afisa nayajua yote kwa sura tofauti.

Kwanza fundi wa Mwanjelwa uko sahihi robo tatu. Nyama yenye vifuko ukiila mbichi haikupi kifafa moja kwa moja, inakupa tegu wa tumboni. Ila sasa mwenye tegu tumboni ndiye kiwanda cha mayai. Anaweza kukaa naye miaka bila kuumwa chochote cha maana, na akitoka chooni bila kunawa anajilisha mwenyewe na anawalisha wenzake. Kwahiyo bucha limo kwenye mzunguko ila sio mlango wa kifafa, mlango wa kifafa ni mkono. Na nikuulize na wewe bila kuzunguka, pale kwako kachumbari anakata nani, na choo kiko wapi, na ndoo ya maji yenye bomba ipo? Nyama yako imechemka imekaangwa, hiyo siiogopi. Naiogopa kachumbari mana haipiti motoni. Nyanya, kitunguu, pilipili, vyote vimeshikwa kwa mkono na vinaliwa vibichi. Na ndimu haiui kitu hapo, wala ile pombe kali mnayosema inaunguza minyoo.

Wale waliosema hayatuhusu wahadithie hii. Mwaka 1992 jarida moja kubwa la udaktari la Marekani liliandika habari za wagonjwa wanne mjini New York, Wayahudi wa madhehebu ya msimamo mkali, watu ambao nguruwe haingii hata jikoni kwao. Walianza kupata degedege, kupimwa vichwa vikakutwa vifuko vya tegu. Mayai yaliingia nyumbani kwa mikono ya mtu mwenye tegu aliyekuwa akiandaa chakula. Basi. Ila uwe mwangalifu unavyoisimulia, mana pale waliohusishwa ni wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu, ukiisimulia vibaya kesho utasikia mabinti wa kazi wamefukuzwa Mbeya nzima. Sema tu "aliyekuwa anapika", inatosha.

Sasa swali lako lenyewe, kila kundi la kwake au wote sawa. Sisi kwenye VVU tulifanya kosa hilohilo. Mwanzoni tulichora mifupa na mafuvu, watu wakaelewa kwamba mgonjwa ni maiti inayotembea. Ilikuja kutugharimu miaka mingi kuwaambia kwamba anayetumia dawa vizuri mpaka kirusi kikawa hakionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa, watu walikuwa wanatucheka usoni, "nesi si wewe ulituchorea fuvu?" Kwahiyo usimwambie mtu leo kitu ambacho kesho utalazimika kukikana. Unaweza kumpa kipande, lakini kipande kiwe cha kweli chenyewe peke yake hata akikibeba kilabuni. "Nguruwe analeta kifafa" ukikipeleka kilabuni kinaoza. "Mayai ya tegu yanatoka kwenye choo cha binadamu" hiki kinafika salama.

Na hilo neno mayai liache. Watu wa huku yai ni la kuku. Mimi nilikuwa nasema "mbegu za tegu, ndogo hazionekani kwa macho". Wasomi watanuna, waache.

AbuuMbalizi:

Asalaam aleykum. Mimi ni katika hao wasiokula na nakiri nimekuwa nikisema hayanihusu. Sasa bibi nesi umenitia wasiwasi, mboga tunanunua sokoni, sijui shambani huko zimemwagiliwa na maji gani. Afisa nikushauri kitu, ungekuja msikitini ukaanza na twahara usingepata mtu wa kuondoka. Kutawadha na kustanji kwetu ni jambo la kila siku, useme tu usafi wa mikono baada ya haja ndio kinga, na sabuni iongezeke hapo. Umeanza na nguruwe, sasa mtu ataendelea kukaa kusikiliza habari za nguruwe za nini?

NesiMstaafu_IR:

Waalaykum salaam mwanangu. Mboga za kula mbichi uzioshe sana kwa maji safi yanayotiririka, zinazopikwa zipike. Na hilo la twahara ni la maana kuliko yote niliyoandika mimi.

Pharma_Kabwe:

Naona mnahangaika. Dawa ya minyoo ipo, watu wote wameze kila miezi mitatu biashara imeisha. Prazikwanteli, albendazo, chagua.

NesiMstaafu_IR:

Hapana. Hapana mwanangu na naomba usimshauri mteja hivyo dukani. Mtu mwenye vifuko kwenye ubongo ambaye hajijui, ukimpa prazikwanteli au albendazo ovyo vile vifuko vinakufa vinavimba, na ule uvimbe ndo unaleta degedege. Hospitalini huwa wanatanguliza kupiga picha ya kichwa kwa CT au MRI, na dawa wanampa pamoja na za kutuliza uvimbe, chini ya uangalizi. Wengine hata hawapewi ya kuua, wanapewa za kifafa tu. Dawa wanazopewa watoto shuleni ni mpango una taratibu zake, na ile dozi moja sio tiba ya vifuko vya kichwani. Mtu aliyewahi kuanguka kifafa au anaumwa kichwa kisichoeleweka asijimezee kitu, aende hospitali.

Pharma_Kabwe:

Sawa mama nimekusoma. Hilo la uvimbe nilikuwa silijui.

MamaUyole:

Nimesoma uzi wote kimyakimya nikasema leo na mimi niandike. Binti yangu ana miaka kumi na sita, ana kifafa tangu ana tisa. Alianguka jikoni kwa jirani, kwenye mafiga, na pale walikuwepo watu wazima wanne. Hakuna aliyemshika mana alikuwa anatoa povu na huku watu wanaamini lile povu ukiligusa unakipata. Mkono wa kushoto mpaka leo haukunjuki vizuri, vidole viwili vimegandana. Watu wanne wamesimama wanaangalia mtoto anaungua.

Sasa nyie mnasema mkawaambie watu kifafa kinatoka chooni. Mnajua kitakachosikika? Yule mtoto kala mavi. Kwao ni wachafu. Saivi wanasema karogwa, angalau kurogwa ni kosa la mwingine, nyie mnakuja kuligeuza liwe kosa langu mimi mama. Na binti yangu hata sijui kama ni hiyo tegu, daktari alisema inaweza kuwa alikwama wakati wa kuzaliwa, nilikaa siku mbili na uchungu. Kabla hamjachora manila fikirini kwamba kwenye ule mkutano na mimi nipo, nimekaa nyuma.

MgeniMbozi:

Mama, pole sana. Nimerudia kusoma mara tatu. Ile manila yangu kona ya chini kulia nimechora mtoto kaanguka anatoa povu, nilimwomba kijana mmoja anachora vizuri na nikamsifia. Sikuwaza kabisa.

NesiMstaafu_IR:

Mama Uyole pole mwanangu, na ahsante umeandika. Afisa, hili liwe la kwanza kabla ya tegu yoyote: povu ni mate, kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa anayeanguka. Msogeze mbali na moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala kumbana, akipitisha dakika tano hajazinduka mpeleke hospitali. Hiyo inachukua dakika mbili kuisema na ukiisema hiyo tu ukaondoka umeshafanya kazi. Halafu useme sababu za kifafa ni nyingi, kuzaliwa kwa shida, malaria ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, na tegu ni moja ambayo tunaweza kuizuia. Nani kameza mbegu za nani hakuna anayejua, zinaweza kutoka kwa mtu ambaye hata humjui, zimepita kwenye mboga, zimekaa kichwani miezi au miaka ndo dalili zinaonekana. Hapo huwezi kumnyooshea mtu kidole.

Na dawa za kifafa asiache kumeza ghafla hata akijisikia mzima, binti huyo.

MamaUyole:

Hajaacha. Ahsante mama.

Mwl_Tukuyu:

Ndaga. Nachangia upande wa shule mana hapo ndo nimo. Manila na mishale usipeleke darasa la nne, mshale kwa mtoto ni mshale tu, haoni safari. Mimi nafanya hivi: naponda chaki ya bluu, naweka kwenye karatasi mezani. Naita mtoto mmoja nje nampaka viganjani kidogo tu, namwambia asiseme. Anarudi darasani, nawaambia salimianeni kwa mikono, azimaneni kalamu, fungueni madaftari. Afu nagawa karanga za kukaanga, wale. Dakika kumi baadae nasema haya onyesheni viganja. Kelele utakayosikia hapo! Wana bluu mikononi, kwenye madaftari, kuna mmoja anakuwa na bluu mdomoni na wenzake wanamshangilia kama kafunga goli. Ndipo nauliza, hii ingekuwa uchafu wa chooni ambao hauna rangi? Darasa linanyamaza lenyewe. Chaki moja tu na karanga za mia tano. Tegu sijamtaja bado, kipindupindu wala kuhara sijataja, na yote yameshaelezeka.

Onyo: yule wa kupakwa chaki chagua mtoto ambaye hawezi kutaniwa. Mwaka wa kwanza nilichagua mtoto wa familia maskini akaitwa Bluu mpaka anamaliza la saba. Nilijuta. Saivi najipaka mwenyewe, mwalimu ndo anakuwa mchafu, wanafurahi zaidi.

Kwa wakubwa, kuna kisa cha yule daktari wa Kijerumani, Küchenmeister, miaka ya 1850 alikuwa anabishana na wenzake kama vifuko vya kwenye nguruwe na tegu wa tumboni ni mdudu mmoja au wawili. Akamlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye vifuko bila huyo mfungwa kujua, baada ya hukumu kutekelezwa wakampasua wakakuta vitegu vichanga kwenye utumbo. Ni unyama kwa kweli, ila nikikisimulia kwenye kikao cha wazazi hata waliokuwa wanachezea simu wanainua vichwa.

BodaMlowo:

Mwalimu hicho kisa ungekiweka juu kabisa ya uzi.

Ila afisa niseme la kwetu watu wa chini. Hakuna asiyejua nguruwe akae bandani. Tatizo pumba. Pumba imepanda, nguruwe watatu wanakula pumba kuliko wanangu. Mtu anamwachia sio kwamba hajaelewa mzunguko wako, kaelewa, ila pumba hana. Hapo elimu haisaidii hata uje na chaki za rangi zote.

FundiMdudu:

Boda kasema. Na mimi nimerudi. Mama nesi umeniuliza kachumbari anakata nani, nimekaa nikaangalia leo. Anakata kijana, choo tunatumia cha soko, ndoo ipo ila sabuni nimekuta imeisha na hajui imeisha lini. Nimenunua. Lakini pia nisikufiche, ningeambiwa "nguruwe kifafa" ningekufukuza, umeniuliza kachumbari nikaenda kuangalia.

MgeniMbozi:

Boda upo sahihi na sina jibu la pumba, nitakachofanya ni kuacha kuongea kama vile tatizo ni uelewa tu. Kwa wafugaji naona nianze na ule ulimi aliousema fundi, mana hapo wote tunajua tunachoongelea: nguruwe mwenye vipunje ni hela imepotea, na kilichompa vipunje ni choo cha mtu. Choo kikiwa na mlango, nguruwe hafiki. Kuchimba choo ni jasho tu, pumba ya mwaka mzima ni hela. Kifafa nitakitaja mwisho na sio kwa kuogopesha.

Manila nimeichana. Kuna ya mkutano ujao, inaanza na mtu kaanguka na mwingine kamlaza ubavu, hana povu. Mama Uyole kama hutojali nitaipiga picha niiweke hapa uione kabla sijaipeleka.

Muhtasari wa kata nao nimeamua kuandika upya mwenyewe, "katika kila watu kumi wenye kifafa", nadhani ikiandikwa hivyo hata mtendaji akiwa na haraka hawezi kuigeuza kuwa wananchi wote.

MamaUyole:

Iweke nione.

FundiMdudu:

Afisa ukishuka mjini pita Mwanjelwa, nusu kilo ofa ndizi juu yangu. Uje ukague.

MgeniMbozi:

Nakuja Jumamosi kaka. Ila kachumbari nakata mwenyewe.